Mchakamchaka wa zamani haukulindi leo

Kila kijiwe cha kahawa kina winga wake mstaafu. Wa kijiwe chetu ana miaka 54, duka la vifaa vya ujenzi, magari mawili, na vidonge vya presha ambavyo huvimeza siku anazovikumbuka. Ukimgusia mazoezi anakukata kauli kabla hujafika mbali: yeye alicheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, alikimbia mchakamchaka tangu darasa la kwanza, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) akala kwata mpaka nyayo zikaota sugu. "Mwili huu ulishatengenezwa, bwana. Nyie wa chipsi mayai ndio mkimbie." Watu wanacheka, kikombe kingine kinamiminwa, sahani ya kashata inapita.

Simbezi, maana nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ile hahitaji kusimuliwa. Giza halijaisha vizuri, mko kwenye mstari, kiongozi anaita "Mchakamchaka!" nanyi mnaitika "Chinja!", vumbi linatimka, mnazunguka kijiji kizima mkiimba, mnarudi kufagia uwanja na kumwagilia bustani ya mwalimu, ndipo hesabu inaanza. Kizazi kile kilitoka jasho. Tatizo ni kwamba winga wetu analihesabu jasho la mwaka 1985 kama fedha aliyoiweka benki, na sasa anakula faida.

Hesabu hiyo ilishafanyiwa mtihani. Daktari mmoja wa Marekani, Ralph Paffenbarger, aliwafuatilia wanaume 16,936 waliopita Chuo Kikuu cha Harvard, akachapisha matokeo mwaka 1978. Wale ambao kutembea kwao, ngazi zao na michezo yao ya wiki nzima haikufikisha kalori 2,000 walikuwa na hatari ya shambulio la moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 64. Hilo hata bibi angekuambia. Kilichonishika mimi ni habari ya mawinga. Walikuwemo waliochezea timu za chuo, vijana waliokuwa wakishangiliwa na viwanja vizima, kisha wakapata kazi nzuri na viti vizuri. Hao hawakubaki na kinga yoyote. Mtu ambaye ujanani hakuujua mpira, lakini ukubwani akajizoeza kutembea na asiache, alikuwa salama kuliko nyota wa zamani aliyekaa.

Sababu yake si fumbo. Msuli unapofanya kazi hufungua milango ya kuingiza sukari kutoka kwenye damu, na kazi ikiisha unabaki mwepesi wa kuipokea insulini, homoni inayoagiza milango hiyo ifunguke, kwa siku moja au mbili hivi. Baada ya hapo milango inarudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana madaktari wa kisukari huwaambia wagonjwa wao wasipitishe siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili. Presha nayo hushuka baada ya mwendo wa haraka, ikakaa chini kwa saa kadhaa, kisha ikapanda tena taratibu. Kila zoezi, kwa maneno mengine, lina tarehe yake ya kuisha nguvu, na tarehe hiyo ni kesho kutwa, si mwaka 2040.

Sisi tumelelewa na dozi ya malaria. Unameza siku tatu, homa inakatika, unasahau. Vidonge vya presha vimetushinda kwa sababu hiyohiyo: havina siku ya mwisho. Mtu anavimeza mwezi mmoja, kichwa kinaacha kumgonga, anajiona kapona, anaviacha, na tunamkuta wodini uso umepinda upande mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba karibu Mtanzania mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Mazoezi ni dawa ya kundi hili la pili. Tunayashughulikia kama ya kundi la kwanza.

Na kuacha kunalipisha haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wa miaka 20 kwa wiki tatu nzima. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni, ambao ndio kipimo cha pumzi na moyo, ulianguka kwa zaidi ya robo. Watu walewale watano walitafutwa tena wakiwa na miaka 50. Sasa wana vitambi, wana watoto wakubwa, wana kila kitu ambacho miaka 30 humpa mtu. Ikaonekana kwamba wiki tatu za kitanda ziliwashusha kuliko miaka yote ile 30. Kisha wakapewa miezi sita ya mazoezi ya kupandisha polepole, na pumzi ikarudi pale ilipokuwa walipokuwa na miaka 20, kabla hawajalazwa.

Mimi habari ya Dallas niliisoma nimechelewa. Miaka michache iliyopita tulimleta mama mjini kutoka milimani Lushoto. Kule alikuwa akishuka bondeni na kupanda kila siku ya Mungu, mara kuni, mara kabichi zake, mara msiba wa mtaa wa pili ambao ni mlima wa pili. Alikuwa na miaka 71 na sikumbuki kumsikia akilalamikia goti. Sisi watoto tukampa tulichokijua kuwa ndiyo heshima: kochi, rimoti, na binti wa kazi. Kila aliponyanyuka tulimkalisha.

"Mama, pumzika. Umeshahangaika vya kutosha."

"Nipumzike nini, mwanangu, nami tangu asubuhi sijashika kitu?"

Tukacheka. Haukupita mwaka akawa anashika ukuta akienda msalani. Ndugu mmoja akasema uzee umeingia, mwingine akaanza kuuliza kwa sauti ya chini mama kakosana na nani huko nyumbani. Uzee gani unaingia kwa miezi kumi? Tulikuwa tumemlaza kitandani kwa mapenzi, kama wale vijana wa Dallas, ila sisi hatukuweka kikomo cha wiki tatu.

Naamini hili ndilo kosa letu kubwa kuhusu wazee, na halizungumzwi kwa sababu linavaa nguo za adabu. Kumpokea mzee ndoo ni adabu. Kumkatalia kufagia ni adabu. Kumletea chakula alipoketi, kumwitia bodaboda hadi mlangoni, kumnyang'anya jembe, zote ni adabu, na zote kwa pamoja ni mguu unaokonda mpaka siku anateleza bafuni na nyonga inavunjika. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 unasema kinyume kabisa cha tunachofanya: mwenye miaka 65 na kuendelea ndiye wa kuongezewa, afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu za wiki au zaidi.

Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Boston, katika nyumba ya kulea wazee. Walichukuliwa watu 10, wengi wao wakigusa miaka 90, dhaifu kweli, wakapewa kazi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Si uzito wa kubembeleza, uzito hasa. Waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo zao. Kwa hiyo usiniambie umechelewa kwa kuwa una miaka 60. Lakini simulizi hilo lina mkia ambao wahubiri wa mazoezi huuruka: waliposimama kwa wiki nne tu, nguvu zilipungua kwa karibu theluthi. Mlango uko wazi hata kwa mtu wa miaka 90, na kwake pia haukai wazi wenyewe.

Kwa mama hatukufanya utaalamu wowote. Binti alikatazwa kugusa ufagio wa uwani. Kochi likatolewa sebuleni, kikaletwa kigoda, na anayejua kunyanyuka kutoka kwenye kigoda mara 15 kwa siku anajua ni zoezi la namna gani. Genge la mboga likawa kazi yake, kwenda na kurudi. Hajarudi kuwa yule wa Lushoto na sitasema amerudi. Ila ukuta hashiki.

Sasa, kigoda na genge vinanirudisha kwa watu ambao elimu hii nzima imejengwa migongoni mwao, nao ni makonda. Si wa Mbagala, wa London. Jerry Morris, daktari, aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo, akachapisha mwaka 1953. Watu wa tabaka moja, mwajiri mmoja, chai moja. Tofauti yao ni kwamba dereva aliketi zamu nzima, na konda alipanda vidato 500 hadi 750 vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na yalipowapata yalikuwa mepesi zaidi na hayakuwa na haraka ya kuua. Baadaye Morris akaenda hadi kwenye stoo ya sare, akachukua vipimo vya viuno vya suruali walizogawiwa. Kweli, madereva walikuwa wanene zaidi. Lakini ukimchukua konda mnene ukamweka na dereva mnene, bado konda alikuwa na nafuu. Ngazi zilimlinda na kitambi chake kikiwa palepale. Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99, na hakuacha mazoezi.

Ninachokipenda kwa wale makonda ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi. Hakuamka saa 11 alfajiri kwa nia thabiti. Hakuhitaji nidhamu, hakuhitaji raba mpya. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi, kwa hiyo zilikuja kila siku, mvua iwe au jua, moyo upende usipende.

Afrika Mashariki tuliishi hivyo. Takwimu za dunia zilizochapishwa mwaka 2018 ziliitaja Uganda kuwa nchi yenye watu wachache kuliko zote wasioushughulisha mwili vya kutosha, asilimia 5.5 tu ya watu wazima, wakati Kuwait walikuwa asilimia 67. Waganda hawakuipata nafasi hiyo jimu. Waliipata kwa jembe, ndoo kichwani na safari za miguu, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa sehemu kubwa ya Tanzania.

Halafu ikaja bodaboda. Nitaisema bila kuitukana, kwa sababu imewawahisha hospitali wajawazito ambao bila hiyo wangejifungulia njiani, na imewapa riziki vijana wasiohesabika. Lakini fanya hesabu hii ya chekechea. Dakika 15 kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala asubuhi, 15 kurudi jioni, siku tano za kazi: jumla dakika 150. Ndicho kiwango cha chini cha mwendo wa kukaza kwa wiki alichowekewa mtu mzima katika mwongozo uleule wa mwaka 2020. Tulikuwa tukiimeza dozi nzima bila kujua. Leo tunamlipa kijana atuondolee, na wenye uwezo wanaenda kuinunua tena jimu, juu ya mashine ya kutembea isiyokwenda popote, mbele ya televisheni.

Nakubali kwamba kutembea kwenyewe kumegeuka mashaka. Pembeni mwa barabara zetu nyingi kuna mtaro, meza za wamachinga na pikipiki zinazokuja upande usio wake. Mwanamke akitoka alfajiri anawaza vibaka, na akitoka jioni anasindikizwa na maneno ya vijiweni. Kuwaambia watu watembee pasipo pa kutembea ni kuwapa kisingizio kizuri. Kigali tangu mwaka 2016 wamekuwa wakifunga barabara kwa magari baadhi ya Jumapili asubuhi na mji mzima unatoka na raba; hapo walau serikali imetoa lami, haikutoa hotuba peke yake.

Kwetu hotuba hazikukosekana. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na ikatangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku yake. Zanzibar wana tamasha lao la mazoezi ya viungo kila tarehe 1 Januari, vikundi vinamiminika barabarani na fulana za rangi moja, ngoma zinapigwa, viongozi wanajipanga mstari wa mbele. Yanapendeza, na nimeshiriki. Lakini mara moja kwa mwezi ni nini kwa msuli unaosahau ndani ya siku mbili? Ni mgeni rasmi. Anakuja, anapigiwa makofi, anaondoka.

Hapa wengi wangevichapa kwa kiboko kimoja na vikundi vya jogingi vya Jumapili, vile vya Temeke na kwingineko vinavyokimbia vikiimba, nyuma pikipiki moja imebeba maji. Wangekuwa wanakosea. Utafiti wa watu zaidi ya 63,000 wa Uingereza na Scotland uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kwamba hata wanaofanya mazoezi yao yote siku moja au mbili za wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko wasiofanya kabisa, karibu sawa na wanaoyatawanya wiki nzima. Kwa hiyo kudumu si lazima kuwe kila siku. Ni kila wiki, na wiki inayofuata, na ile ya Ramadhani, na ile ya mvua za masika. Na vikundi hivi vina kitu ambacho jimu haina: usipofika Jumapili mbili, Jumatatu mtu anakupigia simu kukuuliza kama unaumwa. Simu hiyo ni kama ngazi za konda. Inakutoa kitandani bila kuuliza una hamu.

Adui wao mkubwa ni mzani. Mtu anajiunga Januari akitaka kitambi kiondoke, anakimbia wiki sita, anapima: kilo moja na nusu. Machi hayupo. Laiti angepelekwa Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nishati ambayo miili yao inatumia kwa siku, watu wanaotembea maporini kuchimba mizizi na kufuata asali, na matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yaliwashangaza wao wenyewe: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii nishati zaidi ya Mmarekani wa ofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaotumikishwa kila siku hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo kitambi ni kesi ya sahani zaidi kuliko ya raba. Lakini watafiti waliopima mioyo ya Wahadzabe hao hawakukuta dalili nyingi za hatari, na wazee wao bado wanachimba. Mazoezi yanafanya kazi yake ndani ambako mzani hauoni. (Na kwetu mzani una balaa la pili: ukipungua kweli, jirani wa kwanza kukuona atakuuliza umeanza kutumia dawa lini.)

Juzi nilimwambia winga wetu habari za Harvard. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida, akauliza kama Wazungu hao walicheza UMISSETA. Nikamuuliza duka lake liko umbali gani kutoka nyumbani kwake. Akaonyesha kwa kidole: pale, baada ya msikiti, dakika kumi. Nikamuuliza kwa nini basi asiliache gari, akaenda na kurudi kwa miguu.

Akaweka kikombe chini, akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kutoa siri.

"Watasema nimefilisika."

Nilitafuta jibu na sikulipata, kwa sababu watasema kweli.